Hotuba ya Mkurugenzi Siku ya Kuzindua Jumba la Kuyeyusha Mafuta

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye ni mimi; Mheshimiwa Mkurugenzi wa Idara, ambaye pia ni mimi ila kwa cheo kingine; Ndugu Naibu Mkurugenzi, uliyekalia kiti cha mgeni rasmi bila kuelekezwa; Shemeji yangu, Mshauri Mwelekezi wa Mradi; Mama Watoto, dada wa Mshauri Mwelekezi; makarani, madereva, walinzi, wafagizi, na wewe mpishi uliyejificha nyuma ya spika: itifaki imezingatiwa. (Makofi, safu ya mbele tu.)

Ndugu watumishi, mtakumbuka kwamba nilipokabidhiwa Idara hii niliwakuta mmenenepa kupita kiwango. Ofisi nzima ilikuwa inahema. Mtu akiinama kuokota kalamu, vifungo vya shati vinamruka. Ndipo mimi, kwa maono niliyojaliwa, na kupitia mchakato shirikishi ambao sikuona haja ya kumshirikisha mtu, nikabuni Mpango Mkakati Jumuishi wa Kupunguza Wanga na Kuyeyusha Mafuta ya Mwilini, wenye nguzo mbili, yaani lishe na mazoezi, pamoja na framweki ya utekelezaji ambayo hata wataalamu walioiandika wamekiri hawaielewi. (Mlinzi anapiga miayo.)

Katika nguzo ya lishe tulianza na mkate wa saa nne, tukauondoa. Tukaja kwenye wali wa mchana, tukauondoa pamoja na viazi, na maharage nayo yakaondoka kwa sababu yalikuwa yakiandamana na wali. Tukatoa sukari kwenye chai, na ilipobainika kwamba chai isiyo na sukari inawanunisha watumishi, tukaitoa na chai yenyewe. Hatimaye kantini yote tukaifunga ili ipishe Jumba la Mazoezi ya Kuyeyusha Mafuta, hili mnaloliona nyuma yangu na mlango wake wa kijani na utepe. Leo mpishi wetu anatoa maji, ambayo kwa mujibu wa data hayana wanga hata chembe.

(Sauti kutoka nyuma: "Na mayai mliyotuahidi? Na samaki?")

Mayai, ndugu yangu, yapo awamu ya pili. Samaki wapo kwenye mchakato. Mboga za majani nimezitolea tamko.

Nguzo ya pili ni mazoezi. Wapo wapotoshaji wanaosema lifti imeharibika. Lifti haijaharibika, imepumzishwa kitaalamu! Masjala tukaipeleka ghorofa ya juu kabisa, mashine ya kurudufu tukaiacha chini, na faili ambalo zamani lilimalizwa kwa simu moja ya ndani sasa linabebwa kwa mikono, linapanda kutafuta mhuri, linashuka kutafuta saini, linapanda tena kwa sababu mhuri uligongwa kichwa chini. Ofisi yangu mimi nimekubali ibaki hapa chini, nikajinyima fursa ya ngazi, ili ninyi mfaidike zaidi. (Mnong'ono.)

Na matokeo yanaonekana. Asilimia tisini na nane ya watumishi wamepungua! Mikanda imetobolewa matundu mapya hadi misumari ya stoo imeisha ncha. Dereva wangu, ambaye zamani alikuwa pipa, juzi alizirai kwenye usukani, gari likaingia kwenye maua. Lakini ninyi wenyewe ni mashahidi, alibebwa na mtu mmoja tu! (Shemeji anacheka peke yake.) Kuna wanaonong'ona kwamba mimi nimeongezeka. Ni kweli, wala sijifichi. Kila utafiti unahitaji mtu mmoja wa kulinganishwa naye, na jukumu hilo zito nimelibeba mwenyewe, asubuhi, mchana na jioni.

Aliyetuangusha ni mmoja tu, karani wa masjala, yule pale. Nimemwonya, nimemwita, nimemwekea kikao, na bado tumbo linazidi kutokeza mbele mwezi hadi mwezi.

(Karani anasimama akishikilia kiti: "Bosi, mimi ni mjamzito.")

Hizo ni changamoto binafsi.

(Karani: "Nauliza tu, chakula kinarudi lini? Napanda ngazi na kushuka na njaa kutwa nzima, jana nimeona giza nikiwa katikati. Huyu niliyembeba hajui mpango mkakati." Mpishi, kwa sauti: "Na masufuria yangu yamo humo ndani! Nifungulieni hata leo nipike!")

Dada, swali lako zuri sana. Nimelisikia, nimelipokea, na ninaondoka nalo. Sasa naomba tusimame kwa kaulimbiu. Nikisema "Tumbo", mseme "Ndani"! Tumbo!

(Umati: "Tupu!")

Tumbo!

(Umati: "Tupu!"  Karani amepita mbele, amepita kando ya mimbari, ameinama chini ya utepe na kupeleka kiganja kwenye kitasa cha mlango. Hakishikiki. Anageuza mkono wake kuelekea umati: kiganja chote ni kijani.)

Ndiyo, ni rangi. Mnaguna nini? Kwani mlango lazima ufunguke? Hapa ndipo mahali pa kutoa shukrani. Namshukuru fundi mwashi aliyeuziba mlango wa kantini kwa tofali, na mchora mabango aliyechora mlango huu juu ya tofali hizo, tena kwa ustadi. Namshukuru Shemeji kwa kukubali kuhifadhi saruji yake humo ndani, akipitia mlango wa nyuma, ili jengo lisikae bure. Masufuria, mama mpishi, yanachotewa mchanga. Mashine za mazoezi zingekuja, watumishi msingetoshea na saruji, kwa hiyo kwa kuwajali sikuziagiza. Na wewe dada karani, nakushukuru kwa kuuzindua rasmi. Futa mkono, urudi masjala, ukipumzika kila ghorofa.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Mniwie radhi, sitabaki kwa picha ya pamoja, maana Mama Watoto ananionyesha ishara kwamba wali unapoa.