Punguza Viungo

Jumatatu, 3 Machi
Kliniki. Nimemwambia muuguzi hivi vidonge vya kuzima homoni vinanichemsha na kuniumiza magoti, nitavitupa chooni. Akasema ndivyo vinavyozuia saratani isirudi. Titi moja limeshakatwa, hataki kusikia la pili. Nikaomba dawa ya kutuliza dawa. Akakataa. Kwanza tujaribu bila dawa: nguo nyepesi, kutembea, nipunguze viungo. Kutembea, mimi ninayesimama kutwa nikipiga pasi mashuka ya hoteli. Ila hilo la mwisho limeniingia. Viungo vinauma, basi vipunguziwe kazi. Amri ya kliniki.

Jumanne, 4 Machi
Kiti katika chumba cha pasi ni kimoja, cha dirishani. Amekikalia Mama Mikunjo, mkunja taulo. Eti mgongo mbovu. Mgongo wenyewe kama nguzo ya daraja. Nikamwambia anaitwa ofisini. Akaenda. Nikakaa. Aliporudi akauliza kama kiti nimezaliwa nacho. Nikamjibu nina saratani. Akarudi kukunja taulo amesimama. Silaha kama hiyo, nilikuwa naitunzia nani?

Alhamisi, 6 Machi
Siku ya tatu kitini. Magoti yamekauka kama kuni. Kuinuka kanivuta Mama Mikunjo, akiuliza kama ni kiti au gundi. Nyumbani nikajipoza kwa mchuzi wa pilipili. Sahani haijaisha, mwili umewaka, jasho chapachapa. Dada akapiga simu kutoka kwetu kuuliza kama nameza vidonge. Nikasema nameza. Cha leo nimekitupa.

Ijumaa, 7 Machi
Kliniki. Nimefoka mpaka mlinzi akachungulia. Muuguzi akauliza nakula nini, nashindaje. Nikamweleza. Akainamisha uso mezani, mabega yakitikisika. Akasema viungo vya kwenye chungu, shangazi, si vya mwilini. Vya mwilini vinataka mwendo. Sasa kwa nini asiseme pilipili? Shule niliishia njiani, masikio ninayo. Akanisihi nimeze kidonge mbele yake. Nikameza, nikimkazia macho.

Jumapili, 9 Machi
Mama Mikunjo kaja kunitoa ndani. Jana tumetembea, leo tena. Njia nzima nalalamika, yeye ananiita bibi harusi, eti naringa kwa hatua. Mchuzi sijatia pilipili. Joto limepungua, magoti yamelegea. Kidonge nimemeza. Nimelifikiria sana jambo hili, jibu nimepata: ni zile siku nilizokaa. Pumziko lilichelewa tu kufika magotini. Kesho kazini namwambia msimamizi nahitaji kitanda.