Upande wa Zuleikha kwenye Sinia

Jumatatu, 8 Septemba
Daftari jipya! Naandika mwenyewe, mimi Msabah bin Kheir. Skuli nilitoka darasa la pili, lakini mizani niulizeni mimi. Miaka thelathini nimepima karafuu, hakuna mkulima aliyenipunja.

Leo nimepimwa mimi. Daktari, kitoto kabisa. Kilo arubaini na tisa. Kamwambia binti yangu Riyama kuwa chai na mkate havimweki mzee. Mzee asipokula moyo huingia kiza, na mwenye kiza moyoni hatamani kula. Nikamwuliza kipi kilitangulia. Kainamia karatasi zake. Nimemshinda!

Riyama kasema Jumatatu nisipofika hamsini na mbili, nyumba anaifunga, ananichukua kwake Makunduchi. Nyumba hii! Aliyofia mamake! Wallahi sitoki.

Jumanne, 9 Septemba
Riyama kamwomba jirani, Bi Kidawa, anipikie. Sinia kubwa: wali, samaki wa kupaka, mchicha wa nazi. Nimekula upande wangu. Upande wa marehemu mke wangu Zuleikha sikuugusa. Mtu hapeleki mkono upande wa mwenziwe. Miaka arubaini na moja tumekula hivyo.

Nusu wamekula paka. Bi Kidawa kaniuliza mchicha wake una kosa gani. Nikamwambia chumvi. Kaondoka kanuna.

Jumatano, 10 Septemba
Kaja Talib, yule wa barazani, tumbo mbele kama gunia. Kasema kasikia nimebaki mifupa, uchochoroni nisipite siku ya upepo. Kisha kakaa upande wa Zuleikha! Hakuuliza! Kanawa, bismillahi, kaanza kula. Kanisogezea kichwa cha samaki, kasema kula bwana, usinifanye mlafi peke yangu.

Nimekula. Nimemaliza. Kahadithia mkwewe alivyotumbukia kwenye pipa la maji, nimecheka mara mbili. Mchana nimelala kama mtoto.

Alasiri nikaliangalia sinia. Upande ule mweupe, hata punje. Nikapandwa na hasira. Simfungulii tena.

Alhamisi, 11 Septemba
Hodi, hodi, hodi. Kimya. Talib kasema anajua nimo, makubadhi yangu yako nje. Makubadhi! Nimeyasahau. Kangoja sana, kisha kaenda zake.

Nimekula tonge tatu. Macho yakatoa maji. Nikamwambia Bi Kidawa ni vitunguu vyake. Kasema leo hakutia kitunguu. Mwanamke mbishi huyu.

Jumamosi, 13 Septemba
Hila nimeipata! Chini ya kitanda yamo mawe yangu ya mizani, ya chuma. Nimechagua mawili, kila moja kilo mbili. Nimeyafunga kiunoni kwa kilemba, kanzu juu. Nikatembea ukumbini. Yanagongana. Nikayatia soksi. Kimya! Daktari kasoma Ulaya, mimi nimesoma karafuu.

Jumatatu, 15 Septemba
Hamsini na mbili na nusu!

Daktari kafurahi, kasema hata uso umenawiri. Riyama kalia, katanua mikono anikumbatie. Nikaruka nyuma nisije nikalia chuma. Kasema baba bado una haya zako.

Kisha kasema alhamdulillahi, baba kapona, watu wasisumbuliwe tena. Bi Kidawa kaambiwa apumzike na masinia. Talib kaambiwa asihangaike na mlango wangu. Saa nane Riyama karudi Makunduchi, roho yake baridi.

Nyumba yangu. Nimeshinda!

Jumanne, 16 Septemba
Hakuna aliyegonga. Makubadhi nimeyaacha nje makusudi, pengine mtu atayaona. Hakuna.

Chai na mkate. Sinia nimelitandika vilevile. Mkate nimekata vipande viwili, changu huku, chake kule. Changu kimenishinda.

Mwezi ujao napimwa tena. Chini ya kitanda limebaki jiwe la kilo tano. Nimelijaribu. Linakaa vizuri, kiunoni pana nafasi tele.