Breka Isiyomjua Shangazi

Kwa Fundi Semisi,
mtoto wa marehemu kaka yangu,
Auckland.

YAH: OMBI LA KUONDOLEWA BREKA UKUTANI KWANGU

Semisi,

Miguu yako imeota mizizi huko New Zealand? Krismasi ya juzi mama yako alikutandikia kitanda, akakitandua. Krismasi iliyopita akakitandika tena, akakitandua tena. Kwanza ulisema kazi nyingi, kisha ukasema nauli, safari ijayo utasema bahari imehama. Picha ya sahani yako unajua kuituma, sura yako hujui kuileta. Sitaki kukugombeza. Nimeshakugombeza, sasa tuendelee.

Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe. Shule sikwenda, unajua, herufi nilizipata kwenye kitabu cha nyimbo za kanisa, kwa hiyo ukifika mahali barua inaimba, vumilia.

Jambo lenyewe ni hili. Uliponifungia sola na betri, ulibandika ukutani kisanduku cheupe, na ndani yake ukaweka breka, kile kidude chenye ulimi mweusi. Ukaniambia, "Shangazi, huyu ndiye mlinzi wa nyumba. Mzigo ukizidi, anakata umeme." Nikakushukuru, nikakuchomea nguruwe mzima. Nasikitika kukuarifu kwamba mlinzi wako hana adabu. Naomba kwa heshima zote uje umwondoe, waya upite moja kwa moja. Sababu zangu ni hizi:

1. Haijui mimi ni nani. Mimi ni dada mkubwa wa baba yako. Katika ukoo huu hakuna aliyewahi kuniambia hapana. Nikisema mkeka fulani ni mzuri, unakunjwa na kuletwa mlangoni kwangu kabla sijafika nyumbani. Siku tuliyomzika baba yako mimi niliketi upande wa kichwa chake na mama yako akaketi karibu na mlango, na hakuna aliyeona ajabu. Leo nachomeka birika la chai, friza inanguruma, pasi iko moto, na kidude chenye ukubwa wa kipande cha sabuni kinaniambia tak. Feni inasimama. Chai hakuna. Nimekataliwa nyumbani kwangu, tena na kitu kisicho na baba wala mama.

2. Haitofautishi watu. Binamu yako Uaisele alileta spika yake kubwa kama jeneza, akaichomeka kwangu, ikamkatia vilevile, kwa tak ileile. Akacheka mpaka akakaa chini. "Shangazi, leo mimi na wewe tumelingana." Mimi na Uaisele, Semisi. Mtu anayeoga kwa kukumbushwa.

3. Iliniaibisha mbele ya wageni. Mkutano wa akina mama wa kanisa ulipofanyika kisiwani kwetu, wageni walilala kwangu. Kila mmoja alikuja na gauni jeupe, na kila mmoja na pasi yake. Mgeni haambiwi chomoa. Mgeni akiomba tundu unampa tundu, na matundu yakiisha unamtafutia waya wa kugawanya. Niliwatafutia wote. Pasi zilipopata moto, breka ikakata, nikaiinua, ikakata. Mke wa mchungaji akaniuliza, "Losaline, nyumba yako imenuna?" Nikamwambia haijanuna, inasali. Akaingia kanisani gauni limenyooka upande mmoja, na upande wa pili kama jani la gimbi lililotoka jikoni.

4. Inafanya kazi Jumapili. Tangu wageni waondoke imezidi. Inakata hata kama birika limelala na pasi imelala. Jumapili tumerudi kanisani, tumefukua chakula kwenye tanuri la ardhini, tumekaa, na kabla ya amina, tak. Unajua nchi yetu. Jumapili hata kuku wanatembea polepole. Yenyewe inafanya kazi hadharani.

Sasa tukawa na shida nyingine: kuiinua, ni kazi au si kazi? Tulimwita Mzee Lisiate, mzee wa kanisa. Alikula kwanza, kisha akaitazama breka muda mrefu. Akasema, "Ukiinua kwa kidole, umefanya kazi. Lakini mtu akiwa anapita zake na kiwiko chake kikaigusa, hiyo ni ajali, na ajali haina Jumapili." Basi tukapita zetu. Nikapita mimi, akapita mama yako, wakapita watoto wote. Mzee Lisiate naye akapita, kiwiko mbele, akitazama pembeni kama mtu anayewaza mambo ya mbinguni. Kila ajali ilipotokea umeme uliwaka, kisha ukakatika. Ibada ya jioni ilipofika, samaki wa Uaisele waliokuwa kwenye friza walikuwa wameanza kujitangaza, na mimi nina alama kwenye kiwiko.

5. Ni mnafiki. Kesho yake niliufunga ule ulimi juu, kwa kamba na fundo ambalo hata wewe usingelifungua. Ulimi ukabaki juu kabisa, na umeme ukakatika vilevile. Nilizunguka kile kisanduku kama mtu aliyeibiwa. Ni kama mtu aliyeinua mkono kanisani na moyo wake uko bandani kwa nguruwe. Uaisele anasema zimetengenezwa hivyo makusudi, ukizifunga zinakatia ndani. Huko kiwandani walikaa watu wazima wakakubaliana jambo hili.

6. Inamnyima mama yako, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kimbunga kilichukua sola ya Fekita mama yako, hilo nilikwambia. Siku ileile nilivuta waya kutoka kwangu mpaka kwake. Hakuniomba, niliamua mwenyewe. Niliupitisha chini ya mikeka yake usionekane, nyumba ikawa safi. Kifua chake unakijua. Feni ikizima usiku hapati pumzi, anatoka nje anakaa kwenye kizingiti akijipepea kwa kipepeo cha ukili. Nikimwuliza, anasema, "Si kitu, wifi." Anaongea kama mtu anayepanda mlima, na si kitu.

Mwanamke huyu nimekuwa naye tangu baba yako amlete hapa, mwembamba kama ufagio. Nimemgombeza kila siku ili mtu mwingine asithubutu kumgombeza. Nimemlisha, nimemzalisha, wewe mwenyewe ulitua mikononi mwangu ukiwa na kelele kuliko sasa. Sitakubali kipande cha sabuni kinimalizie wifi yangu huku nikiwa nimekaa natazama.

Kwa hiyo natoa njia mbili, uchague kwa uungwana.

Njia ya kwanza, uje uiondoe. Kama sheria ya mafundi inakulazimisha uache breka, basi uweke inayojua watu. Imkatie Uaisele kwanza, kisha wageni wa visiwa vingine, kisha Mzee Lisiate, kisha mchungaji lakini si wakati wa mahubiri. Mimi isiniguse. Fekita isimguse kabisa, hata nyumba nzima ikiwa haina umeme, yeye awe nao. Namna utakavyofanya sijui, wewe ndiye uliyesomeshwa.

Njia ya pili ni Uaisele. Anasema, "Shangazi, hiyo ni kazi ya msumari mmoja. Tunairuka breka, waya kwa waya, unachemsha chai mpaka uichukie." Nimemruhusu aifanye Alhamisi. Boti inayobeba barua inaondoka Ijumaa. Najua utaipata wakati kazi imekwisha, lakini isije ikasemwa kwamba sikutoa taarifa.

Msalimie mkeo, na umwambie ile rangi ya nywele imemkaa vizuri. Wasalimie watoto, hasa yule anayefanana nami kwa hasira. Wasalimie kwaya yote ya Watonga wenzetu wa huko, na yule jirani yako wa Samoa aliyekubebea friza yangu mpaka bandarini. Mwambie inafanya kazi, ikiruhusiwa.

Ni mimi niliyekukata kitovu na bado nina haki ya kukukata masikio,

Shangazi yako Losaline

Nyongeza. Leo ni Alhamisi, barua bado iko kwangu. Uaisele alikuja na msumari wake. Nilimwambia aanze kwa Fekita, auvute ule waya kidogo, feni isogee karibu na uso wake. Akainua mikeka. Wa juu ulikuwa mzima. Wa pili ulikuwa wa kahawia. Wa chini una tundu jeusi la upana wa sahani, chini ya kitanda, usawa wa kichwa cha mama yako. Mguu wa kitanda ulikuwa umekanyaga waya, ngozi yake imeyeyuka, na zile nyaya mbili za ndani ziko uchi, kitanda kikitikisika zinagusana. Uaisele akatia msumari mfukoni. Akasema, "Ndiyo maana ilikuwa inakata, Shangazi. Ningeiruka leo, usiku huu tungekuwa tunazima moto kwa ndoo."

Nikamwuliza Fekita, "Hukusikia harufu?"

"Nilisikia, wifi. Na mkeka ulikuwa wa moto nikiukanyaga. Nikawa nalala upande wa pili."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa waya wako. Nani angekwambia?"

Nilimpiga begani. Kisha nikamshika, nikamshika sana, mpaka akaniambia nimwache apumue, na kwa kifua chake hilo lilikuwa ombi la haki.

Semisi, breka ibaki. Watu wote wa ukoo huu wamenitii mpaka kidogo tumchome mama yako, na aliyekataa ni yule wa ukutani peke yake. Uje na nyingine ya nyumba ya Fekita, na sola yake mwenyewe, na waya mnene wa kufukiwa ardhini, sio wa mikekani. Huu wa kwangu nimeshauchomoa. Fekita analala kwangu, kwenye kitanda changu, chini ya feni, na anakoroma kama mashua.

Ukifika, desturi ni kwangu kwanza, najua. Usije kwangu. Nenda kwa mama yako, funga mlango, umwulize ni kitu gani changu kinamuudhi. Atasema hakuna. Usitoke humo ndani mpaka amekitaja.