Hatukati Mpaka Usifiwe

Jumatatu, 3 Machi
Duka la mtandaoni limefunguka! Dada anashona, mimi ni meneja. Cheo nimejipa mwenyewe. Hakuna mwingine aliyekitaka. Mtambo wa malipo umeniuliza: nikate pesa mteja akiagiza tu, au nizizuie kwenye kadi yake ya benki asizitumie, nikate baadaye? Dada akasema, bila kuinua macho kwenye cherehani, nizizuie, nikate siku mzigo unapotoka mlangoni. Nikamwambia hajui biashara. Nimechagua kukata papo hapo.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Bibi harusi aliagiza gauni jana, nikakata pesa zote, kumbe kitambaa cha rangi ile kimekwisha. Amepiga simu analia. Pesa nimemrudishia, lakini benki inasema zitachukua siku kadhaa kumfikia, na harusi ni keshokutwa. Akaniuliza atanunua gauni jingine kwa pesa gani. Dada amemwazima gauni lake mwenyewe la harusi, kisha amerudi kwenye cherehani. Bora angenitukana.

Ijumaa, 7 Machi
Nimebadilisha. Sasa tunazuia. Tatizo ni binamu, muuza viatu wa mtaa wa pili. Naye anazuia, na anavyojigamba! Eti wateja wanampenda kwa sababu hukata siku ya kutuma tu. Nitamzidi. Nimetangaza: "Hatukati mpaka usifiwe!" Mteja apokee, avae, asifiwe, ndipo nikate.

Jioni mwenyekiti wa kwaya ameagiza majoho ya kwaya nzima! Pesa zimezuiwa. Dada amekopa kitambaa dukani, kwa ahadi ya kulipa majoho yakishatoka. Mtambo umenitumia maelezo marefu kuhusu muda wa kuzuia. Nitayasoma nikipata nafasi.

Alhamisi, 13 Machi
Majoho yametoka. Dada ameuliza kama nimekata. Nikamwambia atulie, bado hayajasifiwa.

Jumapili, 16 Machi
Yamesifiwa! Na mchungaji mwenyewe, mbele ya kanisa zima! Nikatoka nje mbio, nikabonyeza. Mtambo ukajibu kwamba muda umepita, pesa zimesharudi kwa mwenyewe. Mwisho ulikuwa siku saba. Nikabonyeza tena. Na tena. Nikarudi ndani, nikakaa nyuma ya nguzo ili dada asinione uso.

Jumatano, 19 Machi
Mwenye duka la vitambaa amechukua cherehani ya dada mpaka alipwe. Sijui niweke wapi macho.

Nikaenda kwenye mazoezi ya kwaya, nikamnong'oneza mwenyekiti. Yeye hanong'oni. Akasema kwa sauti yake ya kuimbia kwamba alipoona pesa zimerudi alidhani majoho ni zawadi yetu, akazitumia kulipa karo ya mwanawe. Kisha akapitisha kapu. Waimbaji wakachanga, wakinitazama kama mgonjwa aliyekatiwa tamaa. Dada alikuwepo, amekuja kupunguza joho la mtu mfupi. Kapu likamfikia. Naye akatia. Dada yangu amelipia kazi ya mikono yake mwenyewe! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Haikupasuka. Nikabeba kapu mpaka nyumbani, yeye akitembea mbele.

Alhamisi, 20 Machi
Cherehani imerudi. Dada ameniomba kwa upole nisiguse tena mambo ya malipo: tuzuie, tukate mzigo ukitoka, basi. Nimeapa, machozi yakinilenga. Nimeona aibu mpaka masikioni.

Ila nimewaza. Pesa za kapu zilizidi bei ya majoho! Na binamu hana kapu. Kwa nini duka letu lisiwe nalo? Mteja aagize, kisha atie kiasi anachoguswa kutoa. Hapo hakuna kuzuia wala kukata, kwa hiyo kiapo changu sijakivunja.

Nimeshaliweka. Agizo la kwanza nalo limeingia: mapazia ya hoteli nzima! Hoteli imeguswa kidogo sana, lakini ndiyo kwanza tunaanza. Dada nimemwambia ni kazi kubwa. Amefurahi, amekwenda kukopa kitambaa.