Duka Langu Kando ya Daraja

Jumatatu, 5 Mei

Nimepata kazi ya pili! Madame Godelieve, Mbelgiji wa kitongoji cha Randburg aliyekulia Bukavu, alileta sketi ya kupunguzwa, akaona michoro yangu ya suti ukutani. Yeye huchora ramani za vita vya zamani kwa mkono, na mkono umeanza kutetemeka. Anataka mtu wa kupaka rangi mapaa ya nyumba na miavuli ya askari wa angani. Nimekubali kabla hajamaliza sentensi.

Emery, fundi mwenzangu, Mrundi wa mlango wa mbele, amecheka. Acheke. Yeye ana kibao barabarani, mtaa wetu wote wa Braamfontein unamjua. Mimi niko nyuma ya ngazi. Wateja wangu ni waliopotea njia.

Jumanne, 6 Mei

Ramani ni ya kijiji kimoja cha Ubelgiji, mwaka 1944. Askari wanashuka kwa miavuli, wanakijiji wanawaficha wasikamatwe na Wajerumani. Nimeuliza maswali mpaka Madame akaomba apumzike. Mwavuli mmoja una mita ngapi za hariri? Nyingi, amesema, wanawake walishonea mashati. Mshono gani? Hajui. Na askari wengine walikuwa na dira ndani ya kifungo cha koti. Ndani ya kifungo! Miaka ishirini nashona vifungo, sijawahi kuwaza vinaweza kubeba kitu.

Aliyeagiza ramani ni Mzee Aloïs, ambaye wakati huo alikuwa mtoto wa miaka sita kijijini humo. Itazinduliwa Jumamosi kwenye klabu yake na Wabelgiji wenzake. Wazee tu, wote watu wa suti. Nimeanza kufikiri.

Jumatano, 7 Mei

Madame alikwenda kwa daktari. Kwenye ramani, kando ya daraja, kulikuwa na kijumba chenye mlango wa buluu. Nimekifunika kwa rangi nzito, nikachora duka safi, dirisha pana. Juu ya paa, kwa herufi ndogo kama punje za mtama: Marcellin, fundi suti, na namba yangu ya simu. Nikatia ramani kwenye fremu kabla hajarudi.

Akili kama hii Emery hana.

Jumamosi, 10 Mei

Uzinduzi. Wazee wamesifu miavuli. Hakuna aliyeuliza habari za fundi. Emery alikuja kula sambusa tu, amevaa koti aliloshona mwenyewe, akaondoka na oda mbili. Eish!

Mzee Aloïs alisimama mbele ya ramani muda mrefu, lenzi ya kukuzia juu ya daraja. Kisha akaketi, hakula kitu.

Jumatatu, 12 Mei

Simu imelia! Namba ngeni! Tangazo limejibu!

Alikuwa Mzee Aloïs. Nikamuuliza kwa Kifaransa anataka suti ya rangi gani. Akasema, "Bwana, duka lako limesimama mahali pa nyumba ya mama yangu. Nyumba umeipeleka wapi?"

Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka moto.

Jumanne, 13 Mei

Nimekwenda kwake na brashi. Hakunigombeza, na hilo limeniuma zaidi. Ameketi pembeni akinieleza: mlango wa buluu, maua dirishani, pazia jekundu. Pazia likifungwa, Wajerumani wapo. Likiwa wazi, askari walioko msituni waje wale. Nikamuuliza nilichore vipi.

"Wazi," akasema.

Mama yake alificha askari wawili chini ya nyasi za ng'ombe. Mmoja aliacha kifungo. Mzee amekitoa kwenye kikopo, akanifungulia. Ndani, sindano ndogo kama ukucha wa mtoto, bado inatafuta kaskazini! Nimelia bila kujificha. Nilipomaliza kuchora, Mzee aliipata nyumba kwa lenzi, akaweka kidole mlangoni, akakiacha pale.

Jumatano, 14 Mei

Madame amejua yote. Amenipa maneno makali ya Bukavu, kisha akasema mkono kama wangu hataupata tena mjini hapa. Sharti ni moja: nisiandike tena juu ya paa la nyumba ya mtu. Nimeapa kwa moyo wote. Nimejifunza, nimekuwa mtu mwingine.

Ramani mpya imefika leo. Haina kijiji wala mapaa, ni anga tu, na katikati ndege moja kubwa ya kushusha askari. Bawa lake jeupe, pana, tupu.

Namba yangu ina tarakimu kumi tu. Na kwenye bawa haishi mama wa mtu.