Malisho ya Mfano

Jumatatu, 3 Machi
Mjukuu wangu wa chuo kikuu kafika na chuma cha kuchimbia udongo, kirefu kunishinda. Kachomeka vijiti vyekundu kwenye malisho ya ng'ombe wangu, na vingine kwa jirani. Jirani huyu namwita Mama Najua, na akifungua mdomo utajua kwa nini. Kachimba udongo, na wa akiba kaufunga kwenye vifuko, kausukuma chini ya kitanda changu, kama vile mimi sina viatu.

Anasema anatengeneza mfano wa malisho ndani ya kompyuta. Anaiambia mvua, joto na kaboni iliyomo ardhini, nayo inamwambia nyasi zitakua kiasi gani. Profesa wake anakuja Jumamosi ya wiki ijayo kukagua. Maneno ya mashine na nyasi za shambani visipopatana, mtoto hahitimu mwaka huu.

Nimeelewa. Kuna malisho yangu na ya yule mwanamke. Ya mmoja wetu yatakuwa ya mfano. Sioni hata sababu ya kupima.

Jumanne, 4 Machi
Nimemuuliza kaboni ni mdudu gani. Kasema, bibi, mkaa wa jikoni si unaujua? Basi ule karibu wote ni kaboni. Udongo wenye kaboni hushika maji, nyasi zikastawi. Kaendelea kueleza. Sikusikiliza, nilikuwa nalitazama gunia la mkaa.

Jioni Mama Najua kaniambia toka ng'ambo ya ua kwamba malisho yake yana kaboni tangu enzi za mama mkwe wake. Neno lenyewe kalisikia jana.

Jumatano, 5 Machi
Mtoto kaenda mjini kununua betri. Nimetwanga mkaa kwenye kinu mpaka ukawa unga. Nimeufukia penye kila kijiti cha upande wangu, nikarudishia nyasi juu. Kazi safi, isipokuwa mikono.

Mama Najua kapita, kauliza nafanya nini. Nimesema napalilia. Kauliza tangu lini watu wakapalilia malisho. Nimemjibu kwamba ndiyo maana ya kwake yako vile.

Jumanne, 11 Machi
Udongo aliouchimba Alhamisi umepimwa, majibu yametoka. Kwa jirani, kaboni ya kawaida, kama mwenyewe. Kwangu imezidi hata mtoto kadhani maabara wamechanganya vifuko. Kaiingiza kwenye mashine. Mashine ikasema nyasi zangu zinifike kiunoni.

Zinanifika kwenye kifundo cha mguu.

Karudia hesabu, karudia tena. Chakula hakugusa. Nimemwambia mashine haina kosa, nyasi ndizo zinadeka. Hakucheka. Kasema hajui atamtazamaje profesa.

Hapo nimeona kazi bado. Mjukuu wangu haaibishwi na nyasi.

Ijumaa, 14 Machi
Nimeshuka bondeni na mundu, nimerudi na mzigo wa matete. Mtoto alikuwa ndani akigombana na mashine yake. Nimeyachomeka matete penye vijiti, moja moja. Ukiyatazama kutoka barabarani, yanapendeza. Profesa nasikia anavaa miwani. Mtu anayeona vizuri angevaa ya nini?

Jumamosi, 15 Machi
Ile miwani inafanya kazi.

Profesa kasimama mbele ya tete la kwanza, kalivuta kwa vidole viwili, likatoka bila mzizi. La pili, vilevile. Kainama, kafukua, kaokota kipande cheusi ambacho kinu kilikiacha. Kauliza kwa upole nani alikuwa anapika hapa. Mama Najua, ambaye hakualikwa, kadakia kwamba hapana, bibi alikuwa anapalilia.

Mjukuu wangu kaniangalia mikono. Kucha bado nyeusi. Nikaificha kwenye kanga. Akasema tu, bibi jamani. Afadhali angenitukana.

Kakimbilia chini ya kitanda changu, katoka na vile vifuko vya akiba. Profesa kasema basi, udongo wa siku ya kwanza utamwokoa, lakini nyasi azipime upya, upande wa pili wa zizi. Atahitimu, ila abaki hapa mwezi mmoja zaidi. Nikasema kitanda kipo.

Kisha profesa kacheka, kasema atawaleta wanafunzi wake wote wayaone malisho yangu. Yatakuwa mfano, kasema, wa jinsi vipimo vinavyoharibika.

Yaliyofuata baada ya neno mfano sikuyahitaji. Nimemwangalia Mama Najua. Kageuka kwenda kwake.

Jumapili, 16 Machi
Mtoto kala sahani mbili. Nimemuuliza, kama mtu asiye na haja, wanafunzi wakija watapima nini. Kanitazama sana. Kasema nitrojeni. Nimeuliza inapatikana wapi. Kaniapisha kwanza kwamba sitagusa kijiti chochote. Nimeapa. Kasema iko nyingi kwenye mkojo wa ng'ombe.

Kijiti sijagusa. Ng'ombe nimemfunga katikati ya vijiti, na majani yake nimeyatia chumvi ili anywe maji. Yuko kwenye ndoo ya tatu.

Mama Najua kauliza toka ng'ambo ya ua kuna nini tena. Nimemwambia namwagilia.