Suti Nyeupe, Kabla na Baada

Jumatatu, 4 Machi
Nimekasirika! Dada amenifokea mbele ya wateja, dukani kwake kwa udobi, mimi msimamizi wa ukurasa wetu wa mtandaoni! Eti posti zangu hazina uhai. Niliweka picha ya mwanamume nisiyemjua akinusa taulo, na maneno "Usafi ni Utu". Laiki tatu. Moja yangu, moja ya mama, moja yangu tena kwa simu nyingine. Mpiga pasi wetu, ambaye hata simu yake imepasuka kioo, alipiga picha ya kifungo alichookota sakafuni akaandika: "Shati la nani linapiga miayo?" Laiki mia sita! Kwa kifungo! Dada kasema watu wanataka ukweli. Nisipouleta kufikia Ijumaa, ukurasa anampa mpiga pasi, mimi nirudi kwenye beseni. Mimi!

Jumanne, 5 Machi
Wanataka ukweli, wataupata. Watu hupenda doa linalotoka: picha ya kabla, picha ya baada. Lakini wateja wa wiki hii wasafi kupindukia. Vumbi tu! Hawamhurumii mtu anayetafuta riziki. Ndipo nikaiona suti nyeupe ya mwalimu mkuu, imefuliwa, imenyooshwa, inasubiri sherehe yake ya kustaafu Jumatatu. Nikaipiga picha. Hiyo "baada". Kisha nikaimwagia wino kifuani. Hiyo "kabla". Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Jumatano, 6 Machi
Laiki elfu moja na mia mbili! Nilimsogezea mpiga pasi simu hadi puani. Aliuliza tu suti yenyewe iko wapi. Wivu huo! Iko kwenye beseni. Nimetia sabuni, ndimu, chumvi. Wino umegoma. Tena unatanuka.

Ijumaa, 8 Machi
Mwalimu mkuu kaandika kwenye maoni, watu wote wakisoma, kwamba suti ni yake na aliileta na vumbi tu, sasa wino umetoka wapi. Miaka thelathini ya kusahihisha madaftari na bado hajachoka! Dada alinivuta hadi uani akauliza kama nina wazimu. Nikamwambia ni ubunifu. Kaninyang'anya ukurasa. Doa lisipotoka kufikia Jumatatu asubuhi, nisikanyage tena dukani, undugu wetu ukaishie kwa mama. Na mpiga pasi kaposti nini? Suti na wino wake: "Tumeiharibu sisi wenyewe. Bado tunaifua. Mwalimu, tuwie radhi." Laiki elfu nne! Kwa doa langu! Nimelia kwa hasira.

Jumapili, 10 Machi
Nimesugua siku mbili. Vidole vimechubuka. Mpiga pasi alileta maziwa, akasema tuiloweke humo. Sikumshukuru. Saa nane mchana doa likatoka lote! Suti nyeupe pe! Dada aliigeuza mbele na nyuma, akanikumbatia, akasema mdogo wake nimepona. Akaenda zake nyumbani akiimba.

Nikabaki na suti. Hasira ikanipanda upya. Nyeupe, sawa, lakini nani kaona? Siku mbili za jasho, na sina hata picha moja ya doa likitoka! Ukweli mtupu, umeishia mtaroni na povu. Nimefungua ukurasa wangu mwenyewe, "Dobi Mkweli". Simu nimeiegemeza kwenye ndoo. Maziwa yamebaki nusu kikombe.

Nimeurudisha wino. Kidogo tu.